Saa Kumi na Moja Sokoni

Kiingereza kina msemo unaopendwa sana na wanahabari. Jambo likifanyika dakika za mwisho kabisa, pale ambapo kila mtu ameshakata tamaa, husemwa limefanyika "at the eleventh hour", yaani katika saa ya kumi na moja. Mkataba umesainiwa saa ya kumi na moja. Mchezaji kasajiliwa saa ya kumi na moja. Muulize Mwingereza saa hiyo ni ipi hasa, na huenda akaitazama saa yake ya mkononi kisha akabahatisha: labda ni ile ya usiku, saa moja kabla siku haijaisha. Ndivyo uso wa saa unavyomwambia, maana 11 ni jirani wa 12.

Mtu wa Mnazi Mmoja hana haja ya kubahatisha. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Ni jioni, jua limeshalegea, watu wanaotoka maofisini wanaanza kujazana kituoni, na kule Kariakoo mwenye duka anaanza kuhesabu alichouza. Bado kuna mwanga. Imebaki saa moja giza liingie.

Na hiyo ndiyo maana yake ya asili. Msemo umetoka kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 20, na watu wa simulizi ile walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza. Warumi na Wayahudi waligawa mchana katika sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza ilikuwa asubuhi, ya sita ilikuwa jua la utosi, ya kumi na mbili ilikuwa machweo. Waingereza wenyewe waliacha hesabu hiyo lakini mabaki yake yamo mdomoni mwao. Neno lao la adhuhuri, "noon", limetokana na Kilatini *nona*, saa ya tisa. Ilikuwa kweli saa tisa, saa tisa yetu hii ya alasiri, saa ya sala ya watawa. Katika Enzi za Kati sala hiyo ikawahishwa kidogo kidogo mpaka ikafika katikati ya mchana, na jina likaifuata. Wahispania nao wanaposinzia baada ya chakula wanaita "siesta", kutoka *sexta*, saa ya sita. Hao hawakuhama sana.

Kwa hiyo ukimsikia mgeni akisema saa zetu zimepinduliwa, mjibu kwa upole kwamba zetu hazijasogea popote. Karibu na ikweta jua halina vituko. Dar es Salaam tofauti kati ya mawio ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa katika mwaka mzima haifiki saa moja. Kuhesabu kuanzia alfajiri kuna maana hapa kuliko London, ambako Desemba watu wanaamka gizani na kurudi nyumbani gizani. Tatizo letu ni kwamba tulinunua saa zilizotengenezwa kwa hesabu ya wengine, tukaendelea na hesabu yetu. Mshale uko kwenye saba, mdomo unasema moja. Mtoto wa darasa la pili anafanya tafsiri hiyo bila kujua kwamba anafanya tafsiri.

Turudi kwenye simulizi, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo msemo wa Kiingereza umelipoteza, na kupotea kwake ndiko kulikonifanya niandike haya.

Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anapatana nao dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, anawakuta wengine wamesimama sokoni, anawachukua. Anatoka saa sita, anatoka saa tisa. Mwisho anatoka saa kumi na moja na kuwakuta wengine bado wamesimama. Anawauliza kwa nini wameshinda hapo bila kazi. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Anawapeleka shambani nao, na jua linapozama anawalipa wote sawa, akianza na wa mwisho. Wale wa alfajiri wananung'unika, na manung'uniko yao yana uzito: wao ndio waliolibeba joto la mchana.

Sasa tazama. Watu wa saa ya kumi na moja hawakuchelewa. Hawakulala. Walikuwa pale sokoni tangu asubuhi, au angalau hakuna neno linalosema hawakuwapo. Walisimama wakaona wenzao wanachaguliwa, awamu baada ya awamu. Kilichochelewa ni ajira yao. Lakini Kiingereza cha leo kinapozungumzia saa ya kumi na moja kinamfikiria mtu aliyezembea akaja kuokolewa ukingoni, au tajiri aliyekuja na fedha dakika ya mwisho. Msemo umetunza namba ukawasahau watu. Tafsiri kadhaa za kisasa za Biblia ya Kiingereza zimebadilisha hata hiyo namba, zimeandika saa ya jioni kwa hesabu ya Kizungu ili msomaji aelewe, kwa hiyo siku hizi unaweza kuusoma mfano wote na usikutane na msemo uliozaliwa humo. Biblia ya Kiswahili haikuhitaji ukarabati huo. Saa kumi na moja, sokoni, watu wamesimama. Msomaji wa Kariakoo anaweza kuifunga Biblia akachungulia dirishani.

Maana wapo. Mtaa wa Msimbazi na mitaa inayouzunguka ina watu ambao kazi yao, kwa saa nyingi za siku, ni kusimama. Kuna wasukuma mikokoteni waliokalia mikokoteni yao wakisubiri mzigo. Kuna madereva wa guta na wa kirikuu. Kuna wabeba mizigo wenye kitambaa begani. Kuna mawinga, vijana nadhifu wanaomdaka mteja barabarani, wanamwongoza hadi kwenye duka ambalo si lao na kuishi kwa kile walichoongeza juu ya bei. Winga akitembea na mteja saa mbili, akampandisha ghorofa nne za maduka, na mteja akasema "nitarudi", saa hizo mbili hazina jina. Hakuna daftari zinapoandikwa. Tangu 2025, mkoa ulipozindua rasmi biashara ya saa 24 Kariakoo, mtu anaweza kusimama hivyo hivyo hata usiku.

Jina la mahali hapo lenyewe ni Kiingereza kilichokaa vizuri mdomoni mwa Mswahili. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hili, lenye jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga, likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kariakoo. Mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walibeba chakula na risasi za jeshi la Uingereza katika vita ile, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Wengi waliokufa mishahara yao haikuwafikia jamaa zao kamwe. Walikuwa wamehesabiwa vizuri sana walipokuwa wanabeba. Walipokufa hesabu ikawa ngumu. Sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawashukuru wapagazi kwa maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Kwenye barabara hiyo hiyo, ukielekea upande wa stesheni ya zamani ya reli, kuna mnara wa saa uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Nimeupita mara nyingi nikitokea Mnazi Mmoja. Shukrani upande mmoja, saa upande mwingine; malipo sijayaona kokote katikati.

Msemo wa Kiingereza ambao vijana wa mjini tumeumeza mzima mzima ni ule unaosema muda ni pesa. Uko kwenye fulana na kwenye kioo cha nyuma cha daladala. Aliyeusambaza ni Benjamin Franklin, Mmarekani mpiga chapa, katika barua ya ushauri kwa kijana mfanyabiashara aliyoichapisha 1748. Hoja yake ni nzuri na inafaa isomwe taratibu. Anasema: chukua mtu anayeweza kupata shilingi kumi kwa siku. Akikaa bure nusu siku, hata kama katika mapumziko hayo ametumia senti chache tu, asijidanganye kwamba gharama yake ni hizo senti. Ametupa shilingi tano nyingine ambazo angezipata.

Hesabu ni sahihi. Lakini uzito wote wa hoja umekaa kwenye maneno matatu, "mtu anayeweza kupata". Franklin anamzungumzia mtu ambaye kazi iko mezani inamsubiri. Kwa mtu huyo kila saa ina mnunuzi, kwa hiyo kila saa ina bei. Mpeleke huyo kijana wa Franklin kwenye soko la Mathayo, hesabu inavunjika mkononi. Aliyesimama tangu alfajiri hajatupa shilingi tano. Hakuna aliyemwekea shilingi tano. Muda wake umekuwa pesa pale tu mwenye shamba alipotokea, na kabla ya hapo ulikuwa nini? Kwa lugha ya Franklin haukuwa kitu. Mpita njia hata anaweza kumwona mvivu, kwa sababu mtu anayengoja kazi na mtu asiyetaka kazi, ukiwatazama kwa mbali, wanafanana: wote wamekaa.

Na isidhaniwe kwamba Wazungu walizaliwa na saa tumboni. Mwanahistoria E. P. Thompson aliandika mwaka 1967 jinsi wafanyakazi wa Uingereza walivyofundishwa kuogopa saa, kwa faini, kengele za kiwanda na mahubiri, kwa vizazi kadhaa. Kabla ya hapo mafundi wengi waliiheshimu "Mtakatifu Jumatatu", sikukuu isiyokuwa kwenye kalenda ya kanisa lolote, ambayo walikuwa wakiiadhimisha kwa kutokwenda kazini baada ya ulevi wa Jumapili. Franklin alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye viwanda vya uchapaji vya London, na anasimulia kwamba bosi wake alimpenda kwa sababu, tofauti na wengine, Jumatatu alikuwapo. Kwa hiyo tunapotaniana kuhusu "saa za Kiafrika", tukumbuke kwamba miaka mia tatu iliyopita London ilikuwa na saa zake za Kiafrika.

Hapa kwetu somo lilikuja na karatasi. Neno letu "kibarua" ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kimsaidie kudai ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Kwenye mashamba ya wakoloni kulikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini; ulimaliza siku zako zote za kazi ndipo ukalipwa. Siku ambayo haikutiwa alama haikuwa siku. Leo mtu akifukuzwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi, na sidhani kama tunafikiria ile karatasi. Madereva wa daladala wana "deiwaka", dereva wa kushika usukani kwa muda mwenye gari lake anapopumzika. Ni Kiingereza, mfanyakazi wa siku, kimekatwa kikatosha kinywani. Deiwaka naye hukaa kituoni akisubiri kuitwa.

("Deadline", ambayo kila mwanafunzi wa chuo anaijua kuliko jina la mkuu wa chuo, nayo ina asili yake: ulikuwa mstari katika magereza ya vita ya Marekani, maarufu zaidi Andersonville, Georgia, mwaka 1864. Mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Baadaye waandishi wa magazeti wakauchukua. Wakenya wanasema "makataa", neno zuri, linalokata bila kuua. Sisi tumebaki na "tarehe ya mwisho", ambayo mara nyingi huongezwa.)

Kariakoo ina sehemu ambako muda ni pesa bila mfano wala fumbo. Mwenye fremu anamuuzia mfanyabiashara miezi, na anataka ilipwe kabla haijaishiwa. Wakati mwingine juu yake kuna kilemba, fedha ya kumtoa aliyekuwamo. Kampuni za simu zinauza kitu kinachoitwa kwa Kiswahili safi kabisa "muda wa maongezi", na ukinunua bando la saa 24 ukalala, bando nalo linakwenda kulala lisiamke. Dereva wa daladala ana hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri, abiria wawepo wasiwepo. Ukipanda ngazi hii kutoka chini utagundua kitu: kila aliye juu ameweza kumuuzia aliye chini yake muda, pamoja na hatari ya kwamba muda huo hautazaa chochote. Mwenye jengo hasubiri mteja. Anayesubiri mteja ni mpangaji. Mpangaji naye hamlipi winga kusubiri, anamlipa akiuza. Hatari inateremka ghorofa kwa ghorofa mpaka inamfikia mtu aliyekalia mkokoteni, na huyo hana wa kumteremshia.

Kwa hiyo swali la kimaadili ambalo misemo hii inalificha, nadhani, si kama muda ni pesa. Ni nani analipia kusubiri.

Kiswahili chetu nacho kina lake la kujibu hapa. Tuna maneno mawili ya jambo hili. Kungoja ni neno la Kibantu, halina makuu: upo, kitu hakijaja. Kusubiri limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa subira. Ndani yake kuna fadhila. Karani akikwambia "subiri", mwenyewe bila kukusudia, hakwambii tu kwamba bado. Anakuagiza uwe mtu mwema. Ukilalamika, umeshindwa mtihani wa tabia. Methali zetu zimejipanga upande wake: subira yavuta heri, mstahimilivu hula mbivu, haraka haraka haina baraka. Ni kweli kwamba upo upande wa pili, ngoja ngoja huumiza matumbo, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Lakini hata hizo zinamwonya anayengoja. Nimejaribu kukumbuka methali ya Kiswahili inayomkemea yule *anayewangojesha* watu, na sijaipata. Wakati ni ukuta, tunasema, ukishindana nao utaumia. Vizuri. Lakini mara nyingi tunapogonga ukuta huo kuna mtu ameujenga na ana ufunguo wa geti.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja mjini pamoja na bibi mmoja aliyetoka Mbagala alfajiri. Saa nane aliambiwa arudi kesho, mwenye muhuri hayupo. Akainuka, akasema "haya, mwanangu, asante", akafunga kanga yake. Yule kijana wa dirishani hakuwa mkatili. Ukimwuliza kama ameiba kitu siku hiyo atashangaa. Akichukua elfu tano kwenye pochi ya bibi, wote tungempigia kelele za mwizi. Alichochukua ni siku nzima, nauli mara mbili, na nyingine mara mbili kesho, na tulichosema ni asante. Franklin angesema bibi yule hakupoteza chochote kwa sababu siku yake haina bei sokoni. Hapo ndipo naona msemo wake unafanya madhara: unatufundisha kuheshimu muda wa mtu kwa kadiri ya mshahara wake. Mkurugenzi akisubirishwa dakika kumi ni kashfa. Bibi akisubirishwa siku mbili ni utaratibu.

Vijana tunalijua jambo hili zaidi kwenye mapenzi. "Amenipotezea muda" ni shtaka zito sasa kuliko "hanipendi". Dada mmoja anasimulia alivyokaa miaka sita na mtu aliyekuwa akisema nitakuoa, nitakuja kwenu, nitamwona mjomba. Wanaomcheka husema mapenzi si duka, huwezi kudai fidia ya miaka. Mimi simcheki. Anachodai si bei ya miaka, anadai kitu kilicho wazi zaidi: mmoja alikuwa na uamuzi mkononi, mwenzake akawa na subira, na mwenye uamuzi aliona faida kuuchelewesha. Wataalamu wa lugha hutukumbusha kwamba ile -ta- ya "nitakuja" ni kitenzi "taka" kilichochakaa. Mzizi wote bado unaonekana kwenye "atakayekuja". Kiingereza nacho "will" yake ilikuwa kutaka. Aliyesema "nitakuoa" alisema, kwa historia ya neno, nataka kukuoa. Aliyesikia alisikia ahadi. Miaka sita iliingia kwenye ufa huo. John Mbiti, mwanafalsafa wa Kikenya, aliandika mwaka 1969 kwamba fikra za asili za Kiafrika zina zamani ndefu na sasa iliyo hai, lakini karibu hazina wakati ujao, na akachukua maneno ya Kiswahili *sasa* na *zamani* kuwa majina ya nadharia yake. Wengi wamembishia kwa hoja za vitabuni. Huyu dada angembishia kwa sababu nyingine.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulipita kwa haraka, nalo ni la wale vibarua wa alfajiri. Ukianza kulipia kusubiri, aliyefanya kazi anakuwa nani? Yeye alipata joto na jasho. Waislamu tumefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka, na anayesukuma mkokoteni wenye marobota manane ya mitumba kutoka Gerezani jasho lake linaonekana. Aliyekaa kivulini anadai nini? Na nani amlipe? Mwenye duka mwenyewe anapumua kwa shida, kodi ya pango iko mlangoni.

Jibu langu la kwanza ni kwamba aliyekaa hayuko kivulini. Kusimama juani kunatoa jasho, na kurudi nyumbani mikono mitupu kuna uchovu ambao kazi haina. La pili ni kwamba jambo hili si ndoto. Limewahi kupiganiwa na kupatikana. Makuli wa bandari ya London walipogoma mwaka 1889 hawakudai tu senti sita kwa saa. Walidai pia kwamba mtu akiitwa kazini asilipwe chini ya saa nne, kwa sababu walikuwa wakishinda langoni kutwa ili waitwe kwa saa moja kisha wafukuzwe. Walishinda. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mpango wa kitaifa ambao kuli aliyesajiliwa, akifika asubuhi na kukosa kazi, alilipwa fedha ya kuhudhuria. Muda wa kusubiri ukapata mstari wake kwenye hesabu. Mwaka huo huo, Septemba, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai ujira bora, na mgomo ukapanda reli ukaenda bara. Wale wa London na hawa wa Dar walipakia na kupakua mizigo ya dola moja, pengine katani ile ile kwenye ncha mbili za safari. Fedha ya kuhudhuria ilikuwa upande mmoja wa bahari.

La tatu si jibu, ni kitu nilichokiona. Kuna mzee mwenye duka la vifaa vya bomba upande wa Kariakoo, si mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja. Huwaita mafundi na wabeba mizigo asubuhi mteja mkubwa anapoahidi kuja. Wateja wakubwa, kama unavyojua, wana tabia ya kughairi. Mzigo usipotoka, yeye huwapa walioitwa hela ya nauli na ya chai, kabla hawajaomba. Si nyingi. Kijana wake wa dukani anaona ni ulegevu, kwamba hawajafanya kitu. Nilimwuliza mzee kama anaitoa kama sadaka. Akaonekana kuudhika kidogo na neno hilo. Akafungua daftari lake, lile refu la jalada gumu, akanionyesha upande wa matumizi: umeme, ulinzi, taka, na chini yake, kwa mwandiko ule ule, "walionisubiri", tarehe, na kiasi.